Mafuta Yaliyoota Ndevu

Mizani ninayojipimia uzito ni ya magunia. Iko dukani kwa mume wangu hapa Garissa, kando ya mlango, chuma kitupu, sahani yake imelika rangi kwa kuburutiwa mchele, unga na sukari mwaka hadi mwaka. Si mizani ya binadamu. Ila nyumbani hatuna nyingine, na ile ya kliniki ina muuguzi anayetangaza kilo zako kama dalali wa mbuzi. Kwa hiyo husubiri adhuhuri, wanaume wakienda msikitini na mlango ukirudishwa nusu, napanda. Vijana wa kupakua mizigo wakinikuta hapo hugeukia ukuta haraka, utadhani nimevua nguo, na mimi nimejifunika dera na jilbabu mpaka vidoleni.

Mara ya kwanza kupanda, mshale ulikwenda ukasimama pale unaposimama mizani ikipandishiwa magunia mawili ya sukari, ya kilo hamsini hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na watoto wawili. Siku hizi unasimama kwenye gunia moja na kitu kidogo juu yake. Ile tofauti, lile lililoondoka, siku moja nilitaka kuliona kwa macho. Nilimwambia mume wangu anijazie mchele wa kiasi hicho kwenye gunia tupu. Nikaliinamia, nikavuta. Likanishinda. Nikakaa sakafuni nikaliangalia. Nilikuwa nimepanda nalo ngazi, nimelala nalo, nimeswali nalo, nimebeba mimba juu yake. Subhanallah. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Kuhusu kukonda kwenyewe sina mengi ya kusema, ingawa ndilo watu wanalouliza. Wanataka kusikia dawa. Wanataka kusikia mizizi, chai ya Kichina, sindano kutoka Nairobi. Ukiwaambia uliacha sukari kwenye chai, ukapunguza wali, ukaacha kumalizia sahani za watoto, na ukatembea kila alfajiri, wanakuangalia kama mtu mchoyo aliyeficha siri. Wacha waangalie.

Sababu nitaisema. Mama yangu alikatwa mguu. Alipata kidonda kidogo cha ndala, kikakataa kupona, kikawa cheusi, na madaktari wakasema ni ugonjwa wa sukari, alikuwa nao siku nyingi bila kujua. Wakakata chini ya goti. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, tumbo na mapaja yangu yamefunika kiti chote, muuguzi akamwuliza kwa ukali, "Mama, wewe ulikuwa unakula nini?" Kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi. Mama akamtazama akajibu, "Chakula." Nilitamani kummwagia yule muuguzi ndoo ya maji. Lakini njiani kurudi nyumbani niliangalia miguu yangu mwenyewe ndani ya ndala, imefura, na nikaona jinsi inavyofanana na ya mama. Vidole vile vile. Wiki hiyo hiyo nikaanza.

Watu wa kwetu hawamjui mwanamke anayetembea bila kwenda mahali. Mwanamke anakwenda kisimani, sokoni, msibani. Mimi nilikuwa natoka baada ya swala ya alfajiri, nashika barabara mpaka nje ya mji, nageuka, narudi, mikono mitupu. Kuna mzee mmoja mfugaji aliyekuwa akileta mbuzi wake kwa njia ile. Alinipita siku kadhaa bila kusema kitu. Mwisho akanisimamisha.

"Binti, umepotelewa na mnyama gani?"

"Sijapotelewa, abti," nikasema. Kwetu kila mzee ni mjomba.

"Usifiche. Kila siku nakuona unatafuta. Ni ngamia? Ana alama gani? Kuna mmoja jike nimemwona upande wa mtoni, sikio la kushoto limekatwa ncha."

"Abti, natembea tu."

Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama aliyefiwa na asiyetaka kusema. Akainua mikono, akaniombea dua ndefu pale pale barabarani, Mungu anirudishie mnyama wangu akiwa mzima na mwenye mafuta. Nikaitikia amin, ningefanyaje?

Wanawake wa mtaani hawakuniombea dua.

"Naayaa, mumeo ameoa mke wa pili?"

"Ni kifua hicho. Ameshaenda kupimwa makohozi?"

"Ulikuwa mwanamke kamili, abaayo. Sasa umekuwa mswaki."

Na wote hao, wallahi, mama yangu akiwa amekaa hapo na mguu mmoja.

Kukonda kulichukua mwaka na zaidi. Na nilidhani ukifika umefika. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi yenyewe inaanza hapo. Unapokonda, kila mwezi mshale unarudi nyuma na wewe unapata furaha yako. Ukishafika, furaha ni mshale kutosogea. Nani atakupongeza kwa mshale kutosogea? Unakataa halua ya harusi, unamenya ndizi nusu, unaamka alfajiri mguu unauma, na zawadi yako ni kwamba hakuna kilichotokea.

Nilistaajabia mwili wangu miaka miwili iliyofuata. Nilidhani naujua. Ngamia akiuzwa, hata akipelekwa mbali namna gani, akifunguliwa tu huelekea kisima alichokuwa akinywa. Mwili wangu ulikuwa hivyo. Nikiuachia wiki moja, Idi moja, harusi mbili zikifuatana, tayari umegeuza shingo kuelekea magunia mawili. Nilikuwa naota wali. Si mfano, nilikuwa naota wali kweli, sinia zima lenye nyama ya ngamia na zabibu juu, naamka nikiwa natafuna. Nilikuwa naukasirikia na wakati huo huo nauogopa, jinsi kitu kisicho na mdomo kinavyoweza kukumbuka hivyo.

Basi nikapata mimba ya tatu.

Mimba haikunitisha. Kilichonitisha ni arobaini. Kwetu mwanamke akijifungua hatoki nje siku arobaini, na siku hizo kazi yake ni mbili, kunyonyesha na kula. Analishwa. Maziwa ya ngamia, nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa, ikielea kwenye samli, ugali uliochimbwa shimo katikati na kujazwa samli na sukari, supu ya mifupa, chai tamu ya maziwa asubuhi mchana jioni. Siku ya arobaini anaogeshwa, anafukizwa ubani, anatolewa, na wanawake wa pande zote mbili wanakuja kumtazama. Wanamtazama mama kabla ya mtoto. Akitoka amejaa mashavu, ukoo uliomlisha unasifiwa. Akitoka mwembamba, ukoo umeaibika. Arobaini zangu mbili za kwanza ndizo zilizonifikisha kwenye gunia la pili.

Kwa desturi mama yangu ndiye angesimamia, lakini kwa magongo yake hawezi kuinua sufuria. Kwa hiyo alikuja mama mkwe, kutoka huko nje ya Bura kwenye wanyama wake. Alikuja na dhiil mbili, vile vyombo vya maziwa vya kusukwa vinavyofukizwa moshi, na mtungi wa samli, na ndoo ya nyirinyiri iliyofungwa kitambaa. Ni mwanamke mdogo, mkavu, mwenye mikono mirefu. Alishuka kwenye gari akaingia ndani hata viatu vina mavumbi, akanitazama pale kitandani na mtoto wa siku mbili, akashika mkono wangu juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole.

"Hooyo," akasema. Kwetu mama humwita mwanawe hivyo hivyo, 'mama', anamrudishia jina lake. "Hooyo, nani alikufanyia hivi?"

Alikuwa hajaniona tangu kabla sijakonda. Ukame ule mrefu ulimfunga huko na mifugo, na baada yake mafuriko yakakata barabara. Alikuwa amesikia tu kwa simu kwamba mke wa mwanawe amekwisha.

Nilimtazama mume wangu mlangoni. Akasema ana mzigo unashushwa dukani. Huyo ndiye mume wangu. Mtu mwema, lakini ukitokea ugomvi wa wanawake mzigo wake hushushwa hata saa ya Ijumaa.

Mama mkwe alinilisha. Alikuwa anakaa kwenye mkeka mbele ya kitanda, miguu ameikunja, bakuli mkononi, na haondoki mpaka aone chini ya bakuli. Nikisema nimeshiba, anasema, "Aliyeshiba ni tumbo. Maziwa hayaendi tumboni, yanakwenda kwa mtoto." Nikigeuza uso, anasubiri. Ni mtu aliyezoea kusubiri wanyama wanywe. Nilikula siku tatu, nne, na nikasikia mwili wangu unafurahi, unageuza shingo, unakimbia kuelekea kisima chake. Nilihisi kama nimekaa ndani ya gari na mtu mwingine ameshika usukani.

Nikaanza kuficha. Nyirinyiri nilikuwa naifunga kwenye mfuko na kumpa dada yangu akija. Maziwa hayafungiki kwenye mfuko. Nilikuwa naweka kikombe nyuma ya kitanda, kati ya mguu wa kitanda na ukuta, nikingoja apumzike ili dada aje achukue. Siku moja dada hakuja, na siku ya pili yake hakuja. Mama mkwe akainama kufagia majivu ya ubani.

Alitoka na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimeshaganda juu.

Kuna mambo mengi unaweza kumfanyia mwanamke wa kule nje akakusamehe. Kupoteza maziwa si mojawapo. Sikumwaga, nilitaka kumwambia, niliyaweka tu. Alisimama pale, akaninyanyulia kikombe kama mtu anayenionyesha, akakinywa chote, maziwa machachu ya siku mbili, bila kuniondolea macho. Akachukua cha pili, akakinywa. Akajifuta midomo na ncha ya shuka.

"Sasa sema," akasema. "Nani alikuroga?"

"Sijarogwa."

"Mwanangu anakupiga?"

"Huyo? Hata nzi hampigi."

"Basi una ugonjwa. Sema tu, hooyo, sitaondoka."

Nikalipuka. Nilikuwa na hasira ya miaka miwili, ya mswaki na kifua na mke wa pili, na yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu.

"Sina ugonjwa! Nilikonda kwa kupenda! Nilikaa hapa, chakula kipo, nikakataa. Mwenyewe. Na nitakataa tena, hata ukae na hilo bakuli mpaka mtoto aoe!"

Mtoto akaamka akaanza kulia. Nikamweka kifuani. Mama mkwe akaweka vikombe chini.

"Lini?" akauliza.

"Lini nini?"

"Ulikataa chakula lini?"

Nikamwambia. Mwaka ule wa ukame.

Alikaa chini polepole. Mwaka ule ng'ombe wake wote walikufa. Nilijua, kila mtu alijua. Mume wangu alikuwa akimtumia mchele na maji, na simu zake zilikuwa ni majina ya wanyama tu, fulani ameanguka, fulani hakuamka. Mizoga ilikuwa imelala kandokando ya barabara kama mizigo iliyoanguka kwenye lori. Na mimi huku mjini nilikuwa natembea alfajiri ili nipungue.

Sikuomba msamaha, na hata sasa siombi. Ningekula sahani ya pili, ng'ombe wake wangefufuka? Lakini nilimwona usoni akijaribu kuliweka jambo hilo mahali, na hakuna mahali lilipotosha.

"Ngoja nikuambie kitu," akasema mwishowe. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Mume wako nilimzaa kwenye ukame. Siyo huu, ule wa zamani. Kabla yake mvua zilikuwa nzuri miaka miwili, na mimi nilinenepa mpaka mlango wa aqal yetu ya mikeka naingia kwa ubavu. Baba yake alikuwa anacheka, anasema atajenga mlango mwingine. Halafu mvua ikakataa. Nilipojifungua hakuna mnyama aliyekuwa na tone. Tukahama kufuata kisima, tukakikuta kimekauka, tukahama tena. Maziwa yaliyokuwepo njia nzima ni haya." Akapiga kifua chake kitupu kama ubao. "Mafuta yakaanza kuondoka. Kwanza mikono. Kisha mapaja. Kisha makalio, nikawa nikikaa chini naumia mfupa. Siku tuliyofika kwenye maji, shuka langu lilinizunguka mara mbili na likabaki. Na yeye mgongoni ana mashavu! Watu waliuliza mtoto huyu ni wa nani."

Akanitazama.

"Huyo mume wako ni mafuta yangu. Yalitembea, yakaota ndevu, yakafungua duka. Sasa wewe unaniambia mafuta ni ugonjwa."

Mtoto alikuwa ananyonya, namsikia akimeza, na nikatazama paja langu lililolala kwenye shuka. Miaka yote hiyo niliuona mwili wangu ni mjinga na mlafi, adui anayengoja nisinzie. Kumbe ulikuwa unaweka akiba. Kila bibi aliyenitangulia aliyebaki hai alibaki kwa sababu mwili wake ulijua kushika na kutoachia, na wale ambao miili yao haikujua, hawakuacha wajukuu. Nilipokuwa naota wali, hao ndio walikuwa wakiniotesha.

Lakini mimi si mtu wa kunyamaza muda mrefu.

"Na mama yangu?" nikasema. "Mafuta yake yamempa nini? Si yamemla mguu?"

"Mguu wa mama yako," akasema, akashusha sauti kwa heshima, "ule ni kadari. Mamba ni kadari."

"Mamba gani?"

"Mamba wa mtoni."

"Hooyo, mama yangu hajaumwa na mamba."

"Sasa mguu umekwenda wapi?"

Kumbe miaka yote hiyo. Alikuwa amesikia kwamba mama yangu amepoteza mguu, na sisi tunakaa karibu na Tana, na Tana ina mamba, na yeye anawajua watu wawili waliochukuliwa hivyo wakichota maji. Kuuliza ni utovu wa adabu. Kwa hiyo hakuuliza. Alikuwa amewakataza wanangu mto kwa miaka, kwa simu, anawaambia mnajua kilichomfika bibi yenu, na watoto walikuwa wamekubali kwamba bibi yao alipigana na mamba. Wa kwanza alishawasimulia darasa zima.

"Ni sukari," nikasema. "Madaktari walikata. Ugonjwa wa sukari. Anakuwa nao mtu aliyenenepa sana mara nyingi, na mama alikuwa nao, na mimi nina mwili wa mama."

"Sukari," akarudia. "Hii ya chai?"

"Pamoja na hiyo."

Kesho yake asubuhi alivaa viatu, akaita tuktuk mwenyewe, akaenda kwa mama yangu peke yake. Nilibaki nimejifungia na arobaini yangu, sina njia ya kumfuata, nikihesabu ni nani atamtukana nani kwanza. Alirudi jioni. Alikaa kwenye mkeka wake, viganja vimelala mapajani.

"Amenionyesha," akasema. "Akaniambia nishike. Nikashika. Ni laini kama kisigino cha mtoto." Halafu akasema, "Ananenepa bado, maskini, kwa sababu hawezi kutembea. Na hana njaa ya ukame. Hakuna ukame ulioingia nyumba ile."

Mume wangu alipoingia kutoka dukani na kusalimu, mama yake alimtazama juu mpaka chini.

"Waryaa, wewe. Una magunia mangapi ya sukari huko?"

Akataja, kwa fahari kidogo.

"Unauza mamba," akasema mama yake.

Mume wangu alinigeukia aelezwe. Nikamwambia nadhani kuna mzigo unashushwa dukani.

Asubuhi iliyofuata bakuli lilikuja likiwa nusu. Nilidhani maziwa yamepungua. Akaniambia hapana. Ngamia ana chuchu nne, akasema, na mimi nilijua hilo, lakini alinieleza kama mtoto. Ukiwa na akili unafunga mbili kwa kamba ya gome, hizo ni za ndama, na unakamua mbili, hizo ni za watu. Anayekamua zote nne anaua ndama. Anayeacha zote nne anaua watu.

"Hili ni fungu la mtoto," akasema, akanipa bakuli. "Fungu lako wewe, mnajuana na Mungu wako. Sitakushika mdomo. Lakini la mtoto hutaliweka nyuma ya kitanda."

"Sitaliweka."

"Apa."

Nikaapa. Na nikanywa. Chai ilikuja bila sukari, akaionja mwenyewe kwanza, akakunja uso kama aliyelamba betri, akainywa hivyo hivyo mpaka siku zikaisha. Samli hakuiacha, lakini aliitoa kwa kijiko badala ya upawa. Jioni mtoto akilala tulikuwa tunazungumza. Nilimsimulia yule mzee wa barabarani aliyeniombea dua nimpate mnyama wangu, akacheka mpaka akashika ubavu, akataka nimsimulie tena siku ya pili, na kila akipita mtu kutusalimia ananiambia, mwambie na huyu.

Lakini kadiri arobaini ilivyokaribia kicheko kilimwisha. Nilijua kwa nini. Mimi nilikuwa naogopa mshale. Yeye alikuwa anaogopa wanawake. Aliyekuja kunilisha ni yeye, jina lililokuwa juu ya mashavu yangu ni lake, na mashavu yangu hayakuwepo. Mara mbili nilimkuta amesimama na upawa juu ya mtungi wa samli, hasogei. Angeweza kunilazimisha. Angeweza kulia, na mimi ningekula. Aliurudisha upawa mahali pake.

Siku yenyewe alinivalisha dera mpya na akanifukiza mpaka macho yakatoka machozi. Wanawake walijaa sebule. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, magongo yamelala miguuni, mguuni niseme. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mpana mwenye dhahabu mpaka kwenye kiwiko, alinipokea mkono, akaugeuza geuza kama kuku wa sokoni.

"Mashallah, mashallah," akasema, kwa namna ile ambayo si mashallah. Akamgeukia mama mkwe, wifi yake. "Dumaashi, hii ilikuwa arobaini au kifungo? Huko Bura hakuna ngamia tena?"

Nilifungua mdomo, na nilikuwa na kitu kizuri sana cha kumwambia kuhusu ngamia na kuhusu upana wake. Mama mkwe aliniwahi. Alimchukua mtoto kwa mama yangu, akavuka sebule, akamtupia shangazi mapajani.

"Mshike."

Shangazi akamshika, akaguna. Mtoto wangu yule alikuwa na mikunjo mitatu kwenye kila mkono, na kidevu cha pili, na mapaja kama ya kiongozi wa serikali.

"Mafuta yako hapo," akasema mama mkwe. "Nimeyaweka kwa mwenyewe. Huyu mama yake alikuwa ni njia tu. Au mlikuja kula njia?"

Mama yangu ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti, anagonga gongo sakafuni. Halafu wote. Hata shangazi, baadaye kidogo, akiwa bado anampima yule mtoto kwa mikono yake na kusema, wallahi, ni mzito, ni mzito huyu.

Baada ya wageni kula na kuondoka nilimwambia mama mkwe nataka kupita dukani. Akambeba mtoto, tukaenda. Mume wangu akarudisha mlango nusu na vijana wakageukia ukuta. Nikapanda. Mshale ulitembea, ukapita gunia moja, ukapita mahali pake pa zamani, ukasogea mbele kidogo, upana wa kidole, ukasimama.

"Inasema nini?" akauliza mama mkwe nyuma yangu.

"Inasema karibu pale pale."

"Karibu ya huku au karibu ya kule?"

"Ya kule. Lakini karibu."

Nikashuka. Akanipa mtoto, akavua viatu kama anaingia msikitini, akapanda yeye. Hakuwahi kupimwa maishani mwake. Alisimama wima, mikono imenyooka, anatazama mbele kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mshale ulikwenda ukasimama pale hasa unaposimama kwa gunia moja la sukari. Si zaidi. Watoto saba, na ukame nisioweza kuutaja wote, na mwanaume mzima mwenye ndevu anayeshika mlango pale pembeni, na vyote vimetoka kwenye gunia moja. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama chini.

"Mnaniuza bei gani?" akauliza mama yake kutoka juu.

Gari la Bura lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Alfajiri baada ya swala nilimnyonyesha mtoto akashiba, nikamwachia bibi yake, nikakaa kizingitini kufunga viatu vya kutembelea. Kamba zilikuwa zimekauka vumbi tangu mimba. Mama mkwe alikuwa tayari ameketi nje kwenye mkeka, dhiil zake zimefungwa pamoja kwa kamba, mtoto begani.

"Unakwenda kumtafuta yule mnyama wako?"

"Nakwenda, hooyo."

"Ana alama gani?"

"Utamjua tu. Mkubwa, anapenda wali."

Akacheka puani, akampigapiga mtoto mgongo.

"Nenda," akasema. "Lakini ukimpata, usimlete hapa."